Santuri inapoburuza: Fundi aanzie wapi?

MASHINE ya kupigia santuri inapowashwa baada ya kukaa miaka mingi, iwe jijini Dar es Salaam au katani Nkoma, wilayani Itilima, kasoro inayojitokeza mapema ni wimbo kuburuza. Wengi hudhani mota imekufa, kumbe mara nyingi mota ni nzima.

Sababu ya kwanza ni grisi kuukuu, ambayo huganda mithili ya gundi, hasa inapochanganyika na vumbi la kiangazi. Jukiboksi, zile mashine za baa zinazopiga wimbo baada ya kutumbukiziwa sarafu, huathirika zaidi, kwa kuwa mkono unaobeba santuri huendeshwa na vyuma vingi vinavyosukumana. Mkono ukikwama, usilazimishwe wala skrubu zisikazwe. Chomoa umeme, futa grisi yote, kisha weka tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula hayafai, kwani nayo huganda.

Sababu ya pili ni gurudumu la mpira linalozungusha sahani. Mpira ukikakamaa huteleza. Ukiwa na kishimo, sauti hupanda na kushuka. Lifutwe kwa spiriti, na lenye kishimo libadilishwe.

Tatu ni umeme wenyewe. Mashine nyingi za Marekani ziliundwa kutumia takriban volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma hushusha volti, lakini haibadilishi mizunguko. Hivyo, santuri ya kasi ya 45 kwa dakika huzunguka mara 37.5 tu. Dawa ni kuweka puli kubwa zaidi kwenye mota, si kununua mota mpya.

Hata hivyo, spiriti inayosafisha mpira isiguse santuri za kasi ya 78. Nyingi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu ambao spiriti huuyeyusha. Za aina hiyo ni santuri za Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Aidha, zinahitaji sindano nene kuliko ya santuri za 45, kwa sababu mifereji yake ni mipana.

Kabla ya kujaribu mashine, basi, fundi aanze na santuri isiyo na thamani. Kipuri kikiharibika hutafutwa kingine, lakini mfereji uliochimbwa na sindano mbovu haurudi tena.