Gander, Ngara na Kazi ya Kumpokea Mgeni (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya mfululizo huu tulilipima dai linalorudiwa mno, kwamba mji ukikua utu hufa. Tuliona kwamba ushahidi hauliungi mkono moja kwa moja. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Levine, na wenzake walipima katika miji mikubwa 23 ya dunia ni mara ngapi mpita njia humsaidia mtu asiyemjua: aliyedondosha kalamu bila kutambua, mwenye mguu mbovu aliyeangusha magazeti, kipofu anayesubiri kuvuka barabara. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001, yaliiweka Rio de Janeiro, jiji la mamilioni ya watu, mahali pa kwanza. Lilongwe ilikuwa miongoni mwa miji mitatu ya juu. Kuala Lumpur ilishika mkia na New York ilikuwa karibu nayo. Ni kweli kwamba Levine huyohuyo, alipopima miji ya Marekani peke yake, aliona msongamano wa watu ukipunguza msaada. Lakini Rio ina msongamano pia. Basi leo tuugeukie mji mdogo wenyewe, ambao watu wengi huuamini kuwa makao ya ukarimu, tuulize ukarimu huo unatoka wapi. Hoja yangu ni kwamba upo na ni wa kweli, ila hautokani na mioyo iliyoumbwa tofauti na ya watu wa mjini. Kumpokea mtu usiyemjua ni kazi kama kazi nyingine. Watu hujifunza kuifanya, huiandalia vyombo, na ina mzigo ambao ukizidi mabega huanguka.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni Gander, mji ulio kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Jumanne ya Septemba 11, 2001, Marekani ilipofunga anga yake baada ya mashambulizi ya New York na Washington, ndege zilizokuwa juu ya Atlantiki zilikosa pa kutua. Kanada ilizipokea zaidi ya 200, na 38 kati ya hizo zilishuka Gander zikiwa na watu wapatao 6,600. Mji wenyewe haukufikisha wakazi 10,000. Abiria walikaa ndani ya ndege saa nyingi, wengine mpaka siku ya pili, kwa kuwa hakuna aliyejua kama katika ndege nyingine kulikuwa na hatari. Walipoteremka, mizigo yao iliachwa ndani. Wakapelekwa kwenye shule, makanisa, kumbi za vyama na kambi ya Jeshi la Wokovu, hapo Gander na katika miji midogo ya jirani kama Lewisporte, Appleton, Glenwood, Norris Arm na Gambo. Madereva wa mabasi ya shule walikuwa wamegoma siku zile. Waliweka mabango yao chini wakarudi kwenye usukani. Marubani na wahudumu wa ndege walitengewa vyumba vya hoteli, maana hao ndio waliohitaji usingizi mzuri kabla ya kurusha ndege tena. Wafamasia walipiga simu kwa madaktari wa nchi mbalimbali ili watu walioacha dawa kwenye mizigo wapate dozi zao. Chakula kilichochangwa kilipozidi nafasi ya majokofu, uwanja wa ndani wa mchezo wa magongo ya barafu ukageuzwa ghala la baridi. Wenyeji waliwachukua watu wasiowajua majumbani kwao kuoga, kufua na kulala. Hali hiyo ilidumu karibu siku tano.

Masimulizi mengi ya Gander huishia hapo, na msikilizaji huachwa na picha ya watu wema wa asili walioguswa na msiba. Picha hiyo inawapunja. Gander ni mji uliozaliwa na uwanja wa ndege. Ujenzi wa uwanja ulianza mwaka 1936, wakati hapo palikuwa pori, kwa sababu ndege za enzi hizo zilihitaji kujaza mafuta kabla ya kuvuka bahari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia maelfu ya ndege za kivita zilipitia hapo kwenda Uingereza. Baadaye abiria wa Ulaya na Amerika waliteremka hapo usiku na mchana, na hata ndege za jeti zilipoanza kupita juu bila kusimama, ndege za nchi za Kikomunisti zilizokuwa safarini baina ya Ulaya Mashariki na Kuba ziliendelea kutua, na baadhi ya abiria wao waliitumia nafasi hiyo kuomba hifadhi. Mji uliujua pia msiba wa anga. Desemba 12, 1985, ndege ya kukodi iliyowabeba wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakirudi nyumbani ilianguka mara tu baada ya kuruka Gander, na watu wote 256 waliokuwamo wakafa. Kwa hiyo mwaka 2001 mji huo ulikuwa na njia ndefu za kurukia, watu wa uhamiaji na forodha, zimamoto, mpango wa dharura, na zaidi ya vyote kizazi kizima cha watu ambao mgeni anayetoka angani hakuwashangaza. Kisiwa chenyewe kilikuwa na desturi ya aina hiyo kwa upande wa bahari: Agosti 1986 wavuvi wa Newfoundland waliwakuta Watamili 155 kutoka Sri Lanka wakielea katika mashua za kuokolea maisha, wakawaleta nchi kavu salama.

Msomaji makini anaweza kuuliza: kama yote yalikuwa yameandaliwa, je, huo bado ni wema, au ni utawala mzuri tu? Swali hili ni zito kwa sababu wengi wetu tumezoea kuuheshimu wema unaochomoka ghafla kuliko ule uliopangwa. Lakini mpango wa dharura haumlazimishi mama kumfungulia mgeni bafu lake, wala haumwamuru dereva aache mgomo unaohusu mkate wa watoto wake. Kazi ya maandalizi ni nyingine: yanauondolea wema vikwazo. Mtu anayetaka kusaidia na hajui aende wapi, amwambie nani, alete nini, mara nyingi hubaki amesimama. Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walionyesha mwaka 1968 kwamba watu wengi wakishuhudia shida pamoja, kila mmoja humngoja mwenzake. Mji mdogo wenye vyama hai huvunja kungojana huko, maana mwenyekiti wa chama, mchungaji, mwalimu mkuu na mwenye duka wanajulikana kwa majina, na kila mmoja anajua kwamba akikaa kimya ataonekana. Wala utajiri hauwezi kueleza jambo hili. Newfoundland ilikuwa miongoni mwa majimbo maskini ya Kanada. Miaka tisa tu kabla, mwaka 1992, serikali ilisimamisha uvuvi wa chewa na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Wageni wa Gander walikuwa na pasipoti, tiketi na nyumba za kurudi. Walikaa siku chache. Baadaye waliweza kushukuru kwa fedha, na kweli abiria wa ndege moja walianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana wa Lewisporte. Wahenga wetu walishalisema jambo hili kwa methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wema wa siku tano hauthibitishi wema wa miaka mitano. Ili kuupima huo wa pili inabidi tuondoke Kanada twende Ngara.

Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, inapakana na Rwanda na Burundi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu ya Warundi walikimbilia huko. Kisha, Aprili 28 na 29, 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera wakitoka Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kubwa kabisa duniani kwa wiki chache tu. Wenyeji wengi wa Ngara husema Kihangaza, lugha inayosikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, na baadhi yao walikuwa na jamaa ng'ambo ya mto. Lakini robo milioni ya watu si jamaa. Walio wengi hawakujulikana na yeyote, na ndani yao walijificha hata waliotoka kuua. Siku za mwanzo kabla misaada haijasambaa, wakulima wa ndizi na maharage, ambao hakuna kamera iliyowafuata, waligawa walichokuwa nacho. Mgeni aliyeruhusiwa kulala kwenye kibaraza, kuchota maji kisimani na kukata kuni shambani alipewa sehemu ya maisha ya mwenyeji wake.

Hapa ndipo suala la maandalizi linapojionyesha kwa uchungu. Kwa sababu ya wimbi la Warundi wa mwaka 1993, Msalaba Mwekundu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikuwa tayari na watu na shehena katika eneo lile Wanyarwanda walipofika, na vifo vikadhibitiwa mapema. Miezi miwili na nusu hivi baadaye, katikati ya Julai, umati mkubwa zaidi ulimiminika Goma, Zaire ya wakati huo, kwenye ardhi ya mawe ya volkano ambako hata kuchimba choo, seuze kaburi, kulikuwa kazi ngumu. Kipindupindu kilizuka, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Je, watu wa Goma, wasemaji wenzetu wa Kiswahili, walikuwa na roho mbaya kuliko wa Ngara? Hakuna ushahidi wowote wa hilo. Walielemewa na umati mkubwa zaidi, uliokuja ghafla, katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa karibu haipo.

Tuirudie Ngara, tuone siku ya tatu. Jembe lilishikwa kweli. Wakimbizi walilima mashamba ya wenyeji kwa ujira mdogo au kwa chakula, na wakulima wenye ardhi wakapanua mashamba yao. Mahindi ya msaada yalibadilishwa kwa ndizi, biashara ikachangamka, bei zikapanda. Mwenye ardhi, mtaji au elimu alinufaika. Mzee asiye na nguvu, mjane aliyeishi kwa kufanya vibarua na sasa akashindwa kushindana na kibarua wa bei ya chini, hao walipoteza. Misitu ilikatwa kwa kuni, mifugo ikaibwa, silaha zikazagaa. Katika baadhi ya maeneo wakimbizi waliwazidi wenyeji mara kadhaa. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi, na Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurejea kwao kabla ya mwisho wa mwaka, wengi wao wakisindikizwa na askari. Ni nchi hiyohiyo ambayo mwaka 1980 ilikuwa imewapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, na ambayo rais wake, Julius Nyerere, alitunukiwa tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi ilivyowapokea wakimbizi. Wapo wanaosema kwamba Ngara ilichoka na wema wake ukaisha. Naona kauli hiyo ni dhuluma. Kilichoisha ni kuni, malisho na subira ya mtu aliyeachiwa peke yake mzigo wa dunia nzima. Gander ilikuwa na taifa tajiri nyuma yake na tarehe ya kuondoka wageni ilionekana karibu. Kijiji cha Ngara hakikuwa na hata kimoja cha hivyo viwili.

Kuna pia wasemao kwamba mji mdogo ndio unaomtesa mgeni kuliko mahali pengine, na hawakosei. Marekani ilikuwa na miji midogo mingi iliyomkataza mtu mweusi kuonekana ndani yake baada ya jua kutua, na kwetu vipo vijiji ambako mgeni bado huangaliwa kama mchawi mpaka athibitike kuwa sivyo. Kujuana kunakomfanya mtu aone aibu kukaa kimya ndiko pia kunakomfanya aogope kumkaribisha mgeni aliyekataliwa na majirani. Jambo hili linaitia nguvu hoja yangu. Kama udogo wa mji ungezaa wema wenyewe, ukatili huo usingewezekana. Udogo huongeza tu uzito wa kile ambacho watu wa hapo wamefundishana, na wanaotangulia kuamua, yaani wazee, viongozi wa dini, walimu na wenye maduka, wana wajibu mkubwa kuliko wanavyodhani.

Jambo hili linatuhusu leo. Kuanzia mwaka 2015 Kasulu, Kibondo na Kakonko mkoani Kigoma zililipokea wimbi jingine la Warundi, na kambi ya Nyarugusu ina Wakongo waliokaa hapo tangu miaka ya tisini. Bajeti za misaada huhesabu vichwa vya wakimbizi. Kijiji kilicho jirani na kambi hutajwa pembeni, mara nyingi baada ya malalamiko. Visima, miti ya kuni, zahanati na ulinzi wa mifugo wa vijiji hivyo vingepaswa kuingia kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, sambamba na mahema na unga. Vilevile madiwani na maofisa watendaji wa kata za mpakani wangepaswa kuwa na mpango ulioandikwa kabla ya wimbi lijalo: nani apokee, wapi, kwa maji yapi. Fedha za kazi hiyo zitoke wapi, na kwa nini ahadi za mataifa makubwa za kugawana mzigo huishia kwenye mikutano, ndilo suala la sehemu ya tatu juma lijalo.