Zawadi ya Sikukuu Isiyoyeyuka: Kashata na Vidonge vya Kakao

Akina mama wa visiwani wanafahamu vyema kwamba zawadi ya sikukuu ina safari mbili: ya kwanza ni ya jikoni, na ya pili ni ya baharini. Chula ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, vilivyopangana kusini mwa Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya. Kitamu kinachopikwa hapo kwa ajili ya shangazi aliyeko Kismayo, au kwa wajukuu walioko mbali zaidi, hakina budi kupanda mashua, kikae juani na kupigwa na unyevu wa chumvi kabla ya kufika mkononi mwa mwenyewe.

Safari hiyo imerefuka tangu vita vya mwaka 1991, vilivyowafanya Wabajuni wengi wakimbilie Mombasa na sehemu nyingine za Kenya, na baadhi yao baadaye wakafika Ulaya. Jamaa waliotawanyika namna hiyo hushikana kwa salamu na kwa zawadi. Hivyo kitamu kinachofika kimeharibika kimepoteza zaidi ya sukari yake, kwani kilitumwa kiseme kwamba aliye mbali hakusahauliwa.

Kwa nini chokoleti haivumilii

Wanaorudi kutoka nchi za baridi hupenda kuleta chokoleti. Huko, wakati wa majira ya baridi, watu hupeana chokoleti katika sikukuu zao, nayo hukaa imara bila taabu. Huku kwetu mambo ni mengine. Uimara wa chokoleti hutokana na mafuta ya kakao, na mafuta hayo huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 34, ambalo ni pungufu kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo sababu chokoleti huyeyuka kinywani, na ndiyo sababu vilevile huyeyuka ndani ya mashua.

Chokoleti iliyoyeyuka ikaganda tena hufanya weupe juu yake. Wengi huitupa wakidhani imeota ukungu. Aghalabu weupe huo ni mafuta tu yaliyopanda juu, wala hauna madhara. Lakini sura ya zawadi imekwisha kuharibika, na mpaji huona haya kuitoa.

Unga wa kakao ni habari nyingine. Mwaka 1828, nchini Uholanzi, familia ya Van Houten ilipata hati ya ugunduzi wa kukamua sehemu kubwa ya mafuta ya kakao, na kinachobakia husagwa kuwa unga. Kwa kuwa mafuta yake ni machache, unga huo hauyeyuki kwa jua letu, nao ukifunikwa vizuri hukaa kwa miezi mingi. Ladha ya chokoleti imo humo humo. Wala kakao si mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki: wakulima wa Kyela, mkoani Mbeya, na wa Bundibugyo, nchini Uganda, huilima, ingawa nyingi huuzwa nje ikiwa punje kavu.

Basi shauri letu ni hili: badala ya kuipeleka chokoleti mahali ambapo haiwezi kuishi, tuichukue kakao yenyewe na kuitia katika vitamu vilivyokwisha kuzoea pwani. Halwa ndiyo kubwa ya vitamu vyote, lakini yataka moto wa saa nyingi na mkono usiochoka. Kashata na vidonge vya tende ni kazi ya jioni moja.

Kashata za njugu na kakao

Mahitaji: sukari vikombe 2, maji nusu kikombe, njugu zilizokaangwa na kumenywa vikombe 2, unga wa kakao usiotiwa sukari vijiko vikubwa 3, iliki iliyosagwa nusu ya kijiko kidogo, chumvi kidogo sana.

Kwanza paka sinia mafuta kidogo na uliweke tayari. Chekecha kakao, kisha uichanganye na sukari ikiwa bado kavu, kwani kakao ikitiwa majini peke yake hufanya mabonge. Tia maji na chumvi, uteleke kwenye moto wa wastani, ukikoroga mpaka sukari iyeyuke yote. Tumia sufuria kubwa kuliko unayoiona yatosha, kwa maana mchanganyiko huu hupanda ukitoa povu. Acha uchemke, ukipitisha mwiko chini mara kwa mara ili kakao isishike na kuungua.

Ili kujua kama umeiva, dondosha tone moja ndani ya kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likikusanyika ukaweza kulifinyanga kwa vidole kama kidonge laini, epua mara moja.

Hapo ndipo penye siri ya kashata za safari. Tia njugu na iliki, kisha koroga kwa nguvu nje ya moto mpaka mng'aro upotee na mchanganyiko uanze kuwa mzito wenye chembechembe. Usipofanya hivyo, sukari huganda kama kioo. Na sukari ya namna hiyo, katika hewa ya baharini, huvuta unyevu ikanata vidoleni na katika karatasi. Mimina upesi katika sinia, sawazisha, na ukate vipande kungali na joto. Ukingoja zipoe, zitavunjika ovyo.

Wapendao nazi waweza kuitumia iliyokunwa badala ya njugu. Lakini nazi mbichi ina maji na mafuta mengi, nayo huchacha mapema. Kashata hizo ziwe za majirani na wageni wa siku mbili za mwanzo. Za kusafiri ziwe za njugu.

Vidonge vya tende, kakao na ufuta

Hivi havihitaji sukari, wala moto isipokuwa wa kukaangia ufuta. Chukua tende laini gramu 250, unga wa kakao vijiko vikubwa 2, na ufuta nusu kikombe.

Kaanga ufuta bila mafuta mpaka ugeuke rangi na kunukia, kisha uache upoe. Toa kokwa za tende zote, ukizihesabu, maana kokwa moja iliyosahauliwa yaweza kuvunja jino la mgeni. Tende zikiwa kavu, zifukize kidogo juu ya maji yanayochemka. Zitwange kinuni pamoja na kakao mpaka ziwe donge moja. Paka mafuta viganjani, finyanga vidonge vidogo, na uvigaragaze katika ufuta. Utapata kama ishirini hivi.

Kufunga na kutuma

Kitamu kisifungwe kingali na joto, kwani mvuke wake hugeuka maji ndani ya bati. Kipoe kabisa, kisha kipangwe kwa tabaka, kila tabaka likitengwa kwa karatasi safi. Bati lenye kifuniko kinachobana lafaa kuliko mfuko. Na bati hilo likitiwa ndani ya kijikapu cha ukili, zawadi imepata pambo lake bila gharama. Andika siku uliyopika, ili mpokeaji ajue kipi aanze kula.

Yafaa pia kuitazama kalenda. Idd hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo majira yake hubadilika. Mwaka 2025 Idd-el-Fitri iliangukia mwisho wa Machi, lakini Idd kubwa ilikuwa mwanzoni mwa Juni, wakati kusi imekwisha kushika na vyombo vidogo haviondoki kila siku. Zawadi ya majira ya kusi itangulizwe mapema, na iwe ya kukaa.

Tahadhari

Sukari inayochemka ni moto kuliko maji yachemkayo, nayo hung'ang'ania ngozini. Watoto wakae mbali na jiko. Njugu nzima wasipewe watoto walio chini ya miaka mitano, kwani zaweza kuwapalia. Mwenye ugonjwa wa sukari asidanganyike na vidonge vya tende: tende nazo zina sukari nyingi. Na mnunuapo kakao, someni kopo: kinywaji cha chokoleti kilichotiwa sukari na maziwa si unga wa kakao, nacho hakitatoa ladha tuitakayo.

Wako wanaodhani kwamba zawadi haina heshima mpaka iwe ya dukani, yenye karatasi ya dhahabu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Aliyeko ng'ambo hawezi kununua huko kitamu kilichonukia iliki ya jiko la mama yake. Kazi yetu ni kukipika hata kiweze kumfikia kikiwa kizima.