Kosa Lisilopiga Kelele

Kompyuta inaposimama na kutangaza kosa, mtumiaji huonywa. Hatari kubwa zaidi ni jibu potovu litolewalo kimya. Chukua namba 10001, 10002 na 10003. Wastani ni 10002. Jumla ya vipeo vya pili vya tofauti zake na wastani ni 2. Programu ikadiriayo kila hatua kwa tarakimu 8, ikijumlisha vipeo vya pili vya namba zenyewe, kisha ikatoa kipeo cha pili cha wastani mara tatu, hupata 10!

Ndiyo maana programu za takwimu hupimwa kwa maswali yenye majibu yajulikanayo. Mwaka 1967, James Longley wa Marekani alionyesha kuwa programu mbalimbali zilitoa majibu yasiyolingana kwa takwimu zile zile. Leo upimaji hujiendesha wenyewe. Jibu lisipolingana, kazi husimamishwa. Mtaalamu huisahihisha programu, wala hafuti swali lililofichua kosa.