Ofisi Yetu Inahitaji Huduma ya Kwanza ya Namna Gani?

Wengi wetu tukisikia "huduma ya kwanza" hufikiria viwanda, barabara na viwanja vya mpira. Ofisi ya walimu, yenye meza, vitabu na birika la chai, huonekana kuwa mahali salama. Hata hivyo, moyo wa mtu unaweza kusimama akiwa anasahihisha mitihani. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya wafanyakazi wake. Makala haya yanaeleza namna ya kutathmini mahitaji ya ofisi kabla ya kununua kisanduku.

Maana ya kutathmini

Kutathmini ni kujiuliza: nani anaweza kuumia au kuugua hapa, kwa njia gani, na msaada utamfikia baada ya muda gani? Mwanafunzi wa lugha azingatie kwamba neno "hatari" tunalitumia kwa mambo mawili. Birika la maji yanayochemka ni hatari, yaani kitu kinachoweza kudhuru. Pia husemwa "kuna hatari ya kuungua", yaani uwezekano wa dhara kutokea. Mtathmini hutenganisha mambo haya: kwanza huorodhesha vitu, kisha hupima uwezekano. Birika likiwa mezani au likiwa sakafuni njiani ni lile lile, lakini uwezekano wa kumuunguza mtu si sawa.

Mambo ya kuchunguza

1. Mahali: nyaya zinazopita sakafuni, ngazi, soketi zilizolegea, marundo ya vitabu juu ya kabati.

2. Watu: ni wangapi? Je, yupo mwenye pumu, kisukari, kifafa au ujauzito? Asilazimishwe kusema, aelezwe faida yake na siri yake itunzwe. Wanafunzi na wageni pia wafikiriwe.

3. Saa za kazi: nani hubaki jioni au huja Jumamosi? Msafishaji na mlinzi wasisahauliwe.

4. Umbali: hospitali inaweza kuwa karibu kwa ramani, lakini foleni ya magari ya Kampala ikairefusha safari.

Watu na vifaa

Mwongozo unaotumika Uingereza unaweza kutusaidia kupata kipimo. Ofisi yenye hatari ndogo na wafanyakazi chini ya 25 iwe na angalau mtu mmoja aliyeteuliwa kusimamia vifaa na kuita msaada. Wakiwa 25 hadi 50, awepo angalau mmoja aliyepata mafunzo ya msingi ya dharura. Wakizidi 50, awepo mmoja mwenye mafunzo kamili kwa kila wafanyakazi 100. Hivi ni viwango vya chini tu, na lazima awepo wa kushika nafasi mwenzake akienda likizo.

Kisanduku kiwe na plasta, bendeji, pedi safi za vidonda na macho, glavu na maelezo mafupi. Vidonge visiwekwe humo, kwa kuwa dawa inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Tarehe za mwisho wa matumizi zikaguliwe. Kisanduku kilichotiwa kufuli, na ufunguo anao katibu aliye likizoni, hakina faida.

Kazi yetu walimu wa lugha

Mtu akishikwa na kifafa, wengi hukimbilia kijiko ili wakitie kinywani. Hilo ni kosa: huweza kuvunja meno au kuziba pumzi. Anayetakiwa kusaidia aondoe vitu vya kumjeruhi, amwekee kitu laini chini ya kichwa, na aite msaada wa haraka degedege likizidi dakika 5. Aliyeungua apozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno.

Maelezo kama haya yabandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi, pamoja na Kiingereza na Luganda, yakitaja jina la mhudumu na mahali kisanduku kilipo. Tathmini irudiwe kila ofisi inapohama au watu wanapobadilika. Kinga ni bora kuliko tiba.