Mafuriko Katika Nchi ya Juu: Maji ya Chapwa na Mwendo Wake

Watu wengi wasikiapo neno mafuriko hufikiri nchi za chini: Rufiji, Kilombero, au uwanda wa Kyela, mahali ambapo mto hujaa hata ukapita kingo zake. Ni wachache wafikirio Chapwa, mojawapo ya kata za Mji wa Tunduma katika Mkoa wa Songwe, iliyo katika nyanda zilizoinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo nchi ya juu nayo ina mafuriko yake. Na tena ndiyo iwapelekeayo maji wakaao chini.

Yafaa kwanza kutazama umbo la nchi. Tunduma iko karibu na kigongo kigawacho maji. Mvua inyeshayo upande wa kaskazini hushuka kwa Mto Momba, ikapita Kamsamba, ikaingia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na njia ya kutokea. Ng'ambo ya pili, katika nchi ya Zambia, maji huelekea Mto Chambeshi, na mwisho wake ni Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Upande wa mashariki milima ya Ileje huupa maji Mto Songwe uendao Ziwa Nyasa. Waingereza na Wajerumani walipopatana juu ya mipaka mwaka 1890, waliufanya Mto Songwe na ukingo wa bonde la Kongo kuwa alama zao. Kigongo hakihami, bali mto huhama. Katika uwanda wa Kyela Mto Songwe umebadili njia yake mara kwa mara baada ya mafuriko, hata mashamba yaliyokuwa upande mmoja yakaonekana upande wa pili. Kwa ajili hiyo, pamoja na mambo mengine, Tanzania na Malawi zilitia sahihi mwaka 2017 mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo.

Sasa hatari imezidi, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza iko angani. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 huweza kuchukua mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Nayo dunia, katika miaka ya 2011 hadi 2020, ilikuwa na joto lililozidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1 hivi. Kwa hiyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi, hata pale ambapo jumla ya mvua ya mwaka haikuongezeka.

Sababu ya pili iko ardhini. Udongo wenye majani na mizizi hunywa maji. Bati, lami na ua uliokanyagwa hauyanywi. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 idadi ya watu wa Tunduma ilizidi maradufu. Kila paa jipya humwaga maji yake mara moja, na kalavati lililojaa takataka huyarudisha barabarani na majumbani. Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Aliyejenga katika mkondo uliokauka wakati wa kiangazi hukumbushwa mvua ijapo.

Hata maneno yana kazi hapa. Watu wa pwani wana masika na vuli. Songwe ina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, nao watabiri wa hali ya hewa huuita mvua za msimu. Mtu wa Chapwa akingojea tangazo la masika ndipo azibue mfereji wake, atakuwa amechelewa miezi minne, na udongo utakuwa umeshiba.

Basi, kazi yafaa ifanywe kabla ya Novemba. Mashamba ya miteremko yalimwe kwa matuta yakatayo mteremko, yawekewe makinga maji na nyasi, mifereji izibuliwe, maji ya mapaa yakingwe katika matangi, maana kiangazi huwa na shida yake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 za kingo za mito. Lakini mabondeni ndiko kwenye vinyungu, bustani ziletazo mboga wakati wa ukame, na ndiko viwanja hupatikana kwa bei nafuu. Kumwondoa maskini bondeni bila kumpa mahali pengine ni kumtoa katika maji na kumtia katika njaa. Kamati za maafa, ambazo sheria ya mwaka 2022 imeziweka hata vijijini, zina wajibu wa kulipima jambo hilo pamoja na wenyeji.

Tena mfereji una mwisho. Achimbaye wa kwake bila kuuliza unakotokea huwa amehamisha mafuriko, hakuyazuia: jirani wa chini huyapokea, naye huyapeleka bondeni, na bonde huyapeleka Momba.