Mguu Usiosikia Moto

Mzee mmoja alitoka Magadi alfajiri, akapanda matatu hadi Kiserian, na kufikia alasiri alikuwa Kitengela kwa bintiye, soksi ya mguu wa kulia imegandamana na unyayo. Binti ndiye aliyemleta kwetu hospitalini. Tuliilowesha soksi kwa maji ya chumvi ya hospitali, tukaivua polepole. Chini ya kidole gumba palikuwa na lengelenge lililopasuka, upana wake kama sarafu ya shilingi 20, kingo zake nyeupe na laini. Wakati wote huo mzee alikuwa akitazama dirishani. Hakukunja uso hata mara moja.

"Mzee, maji ya chemchemi hayakukuchoma?"

"Yangenichoma vipi, daktari? Miguu yangu ina baridi mwaka wa pili huu, na ngozi inaniwasha. Niliyaona matamu."

Watu wa Kajiado wanaijua safari hiyo ya chemchemi. Kandokando ya Ziwa Magadi maji hububujika kutoka chini ya ardhi, pengine yakiwa vuguvugu tu, pengine yakifika nyuzijoto 86. Watu huenda kujitumbukiza kwa sababu ya viungo vinavyouma, upele, mba na ngozi iliyokauka. Katika vidimbwi vya chini ya nyuzijoto 45 wamo samaki wadogo, na ni rahisi mtu akiwaona wakichezacheza kuamini kwamba maji hayo hayana madhara kwa binadamu.

Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walipima ngozi huchukua muda gani kuungua. Maji ya nyuzijoto 60 huiunguza kwa sekunde 5 hivi. Ya 49 huchukua karibu dakika 10. Hata ya 44, ambayo wengi wetu tungeyafurahia, huidhuru ngozi ikikaa humo saa 6. Mtu mzima mwenye afya haungui hivyo kwa sababu maumivu humtoa majini mapema. Mzee wetu hakuwa na wa kumtoa.

Amekuwa na kisukari kwa miaka 11. Sukari ikikaa juu katika damu miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Mirefu zaidi ndiyo huanza kufa, kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni na kupanda taratibu, mpaka inafunika mguu kama soksi. Wengine hupitia kwanza miezi ya kuhisi moto na sindano usiku, kisha kimya. Mishipa inayoamuru jasho nayo hufa. Unyayo usiotoa jasho hukauka, kisigino hupasuka, ngozi huwasha. Ndiyo maana ninalisisitiza jambo hili kwa kila familia inayokuja: muwasho uliompeleka mzee kwenye chemchemi na ganzi iliyomwacha aungue vilikuwa na chanzo kimoja.

Na maji yenyewe je, si dawa ya ngozi? Chukua kipande cha magadi, yale tunayotia kwenye maharagwe yalainike, ukisugue kwa vidole vyenye maji. Vitateleza. Utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako yakigeuka sabuni. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH ni kama 5, ilhali ziwa letu liko karibu na 10. Magamba hutoka, ngozi huonekana safi jioni hiyo, kisha hurudi kavu zaidi kuliko awali. Sikatai kwamba maji ya madini yamewahi kusaidia. Wagonjwa wa soriasisi wamechunguzwa kwa miongo mingi kwenye Bahari ya Chumvi, na wengi hupata nafuu. Lakini madini ya huko si haya yetu, na huko jua lenyewe ni sehemu ya tiba. Ushahidi wa ziwa moja hauhamishiki kwenda jingine.

Tiba hujulikana kwa kulinganisha. Daktari Paul Brand, akiwatibu watu wenye ukoma huko Vellore, India, alibaini kwamba vidonda vyao vya miguu vilitokana zaidi na kukanyagia mahali pamoja tena na tena bila kusikia uchungu kuliko kuoza kwa nyama kwenyewe. Wazo hilo lilihamia kwenye kisukari: mfunge mgonjwa plasta ngumu, kama ya mtu aliyevunjika mguu, ili uzito usambae na kidonda kipumzike. Mwaka 1989 Mueller na wenzake huko Marekani waliligawa kundi la wagonjwa 40 kwa bahati nasibu. Kati ya 21 waliofungwa plasta, 19 walipona. Kati ya 19 waliosafishwa vidonda, wakafungwa bandeji na kupewa viatu maalumu, walipona 6. Hakuna marhamu ninayoijua iliyowahi kuleta tofauti kubwa hivyo.

Bandeji nazo zinachunguzwa. Utafiti uitwao Explorer, uliochapishwa 2018, uliwachukua wagonjwa 240 katika hospitali 43 za nchi tano za Ulaya. Takriban nusu walifungwa bandeji yenye dawa iitwayo sukrosi oktasalfeti, wengine bandeji inayofanana nayo kabisa ila haina dawa, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata ipi. Baada ya wiki 20, vidonda vilikuwa vimefunga kwa asilimia 48 ya wagonjwa waliopata dawa na kwa asilimia 30 ya wasioipata. Hiyo ni hatua ya kweli. Lakini tazama pia upande wenye dawa: zaidi ya nusu walikuwa bado na kidonda.

Wagonjwa wale walikuwa Ulaya. Mtu wa Magadi anakanyaga ardhi inayowaka adhuhuri, amevaa akala za tairi ambazo mwiba wa mgunga huzipenya, na ng'ombe hawangoji wiki 20. Je, plasta itavumilika katika joto lile? Atachunga nani? Maswali haya hayajibiwi Ulaya. Yanahitaji utafiti ufanyike huku, na ningependa sana uje. Hapa Kenya jaribio la dawa lazima lipitishwe na kamati ya maadili na Bodi ya Famasia na Sumu, na mshiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, akubali au akatae, na ajitoe siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Kwa Magadi, lugha hiyo ni Kimaa. Fomu ya Kiingereza iliyotiwa alama ya kidole haijaomba ridhaa ya mtu.

Mzee alikaa kwa bintiye. Tulimfunga plasta, sukari yake ikashushwa, mjukuu akapelekwa kwenye mifugo. Kidonda kilifunga katika mwezi wa tatu wa matibabu. Siku ya kumruhusu nilimfundisha binti kipimo kilichotokea hospitali ya Ipswich, Uingereza, kisichohitaji chombo chochote. Mgonjwa hufumba macho. Wewe unagusa kwa ncha ya kidole chako, kwa sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kupapasa, ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, katika miguu yote miwili. Asiposikia mara mbili au zaidi kati ya sita, miguu hiyo haina mlinzi: asiitumbukize majini kabla mwingine hajayapima kwa kiwiko, na nyayo zikaguliwe kila jioni.

Binti alipiga magoti sakafuni, akaanza na mguu wa kulia. Baba yake alifumba macho, akasikiliza kama mtu anayengoja kuitwa kwa mbali. Binti aligusa mara sita. Mzee akasema "ndiyo" mara moja.