Mganda Uliojaa Chenga

Sikilizeni, wanangu. Mbinga mjini, kwenye baridi ya milima ya Umatengo, palikuwa na fundi redio mwenye kompyuta ya mezani ya zamani, ya enzi za Windows XP. Siku moja mpwa wake aliteremka kwenye basi la kutoka Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, amebeba kanda mbili za VHS kwenye mfuko wa plastiki. Katika moja, babu yake anacheza mganda.

Wa huko kwetu mnaujua mganda: wanaume wamejipanga mistari, wanapiga hatua kwa mpango mmoja, ngoma kubwa inawaongoza, na nguo zao ni nyeupe pe! Zikumbukeni hizo nguo nyeupe. Tutazirudia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama amesema uziingize kwenye flashi."

Fundi akachomeka deki kwenye kifaa kidogo cha kunasa video, na kifaa akakichomeka kwenye tundu la USB. Picha ikaja haina rangi, inapanda na kushuka, imejaa chenga.

"Mjomba, hii kompyuta imezeeka. Tutafute nyingine."

"Taratibu. Mwenye kosa hatujamjua bado."

Akachomoa nyaya, akaunga deki moja kwa moja kwenye televisheni. Hapo ndipo nawataka mtulie, kwa sababu wengi hukosea hapa na kutupa hela bure. Picha husafiri: inatoka kwenye kanda, inasomwa na hedi za deki, inapita kwenye waya, inaingia kwenye kifaa, inapokewa na programu, ndipo inaandikwa kwenye diski. Inaweza kuharibika popote njiani. Televisheni ndiyo shahidi. Ikionyesha ubovu uleule, kompyuta haihusiki.

Kwenye televisheni rangi zilikuwepo na picha ilitulia, ila chenga zilibaki. Kumbe makosa yalikuwa mawili. Chenga zilitoka kwenye deki au kanda. Rangi ilipotelea mbele ya safari.

Fundi akazichukua kanda zote mbili na kuzimulika kwa tochi kwenye vidirisha vyake. Ile ya mganda ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na madoa ya unga mweupe pembeni mwa utepe.

"Huu ni ukungu," akasema. "Unyevunyevu wa ziwani. Ulishawahi kuichezesha?"

"Mwezi uliopita, kwenye deki hiihii, ulipotuazima."

"Basi ndiyo iliyochafua hedi. Hii iweke kando, isiingie tena kwenye deki yoyote mpaka isafishwe."

Akachomoa deki kwenye umeme, akafungua kifuniko. Ndani kuna ngoma ya metali inayong'aa, imelala upande kidogo. Kwa kanda zetu huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na kwenye ukingo wake wa chini zimepachikwa hedi, vijiwe vidogo mno vinavyovunjika kwa urahisi. Fundi akalowesha kipande cha ngozi laini kwa spiriti safi, akakishikilia kimetulia dhidi ya ngoma, kisha akaizungusha ngoma yenyewe kwa kidole, polepole. Hakusugua juu na chini hata mara moja, maana ndivyo hedi zinavyong'oka. Pamba hakuitumia, nyuzi zake hunasa. Ngozi ikatoka na mstari mweusi. (Msijaribu peke yenu. Sehemu ya umeme ya deki hubaki na nguvu hata baada ya kuchomolewa.) Chenga zikaisha.

Rangi ilikuwa rahisi. Tanzania, kama Uingereza, ilitumia mfumo wa PAL: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Marekani walikuwa na NTSC: mistari 525, picha karibu 30. Programu ya kifaa ilikuwa imewekwa NTSC. Fundi akabadilisha neno moja, na maji ya ziwa yakawa ya buluu.

Mpwa akataka kuanza kunasa palepale. Fundi akamzuia. "Mtazame babu yako shati."

Shati lilikuwa doa jeupe tupu: halina mikunjo, halina vifungo. Mwanga wa programu ulikuwa umepandishwa mno. Mimi naliona hili kuwa kosa baya kuliko yote, kwa sababu chenga utazisafisha na kunasa upya, lakini weupe uliokwisha kuungua kwenye faili haurudishwi na programu yoyote. Akaushusha mwanga kidogokidogo, mpaka vifungo vikaonekana.

Wakanasa. Mwanzoni safi. Lakini kadiri dakika zilivyopita, mkono wa mpiga ngoma ulishuka kwanza, na mlio ukafuata baadaye.

Walikuwa wakinasa bila kubana, na video isiyobanwa ya ukubwa wetu, nukta 720 kwa 576, hula karibu MB 20 kila sekunde; saa moja ni GB 75 hivi. Fikirini vibarua wanaopakua magunia ya kahawa kwenye lori: wa mbele akichelewa kupanga ghalani, wa nyuma yake hana pa kushushia, gunia linaanguka. Picha nazo huanguka hivyo, na sauti isiyopoteza kitu inaachana na picha zilizopungua.

Fundi akakagua diski. Windows XP ina tabia hii: diski ikikosea mara kadhaa, huirudisha kwenye njia ya kale na ya polepole iitwayo PIO. Akairudisha kwenye njia ya haraka, DMA. Akahakikisha kifaa kimechomekwa kwenye tundu la USB 2.0, lenye uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde, kwani la zamani ni 12 tu. Akafunga programu nyingine zote, akachagua kubana video kwa mtindo wa DV, ambao hutumia GB 13 hivi kwa saa. Mlio na mkono vikakutana.

"Mjomba, mbona mikono ina menomeno akiirusha?"

"Hayo si ubovu. Kila picha ya PAL ni nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa, zilizopigwa kwa kupishana sehemu ya hamsini ya sekunde. Mkono umesogea katikati yake. Televisheni ya zamani ilizionyesha kwa zamu. Kompyuta inazibandika pamoja. Tutalainisha kwenye nakala ya flashi, ila faili la asili tusiliguse."

"Na huu mstari unaotetemeka chini kabisa?"

"Hapo hedi moja inampokea mwenzake. Upo kwenye kila kanda ya VHS. Uache."